Televisheni isiyouza sabuni, umeme wake analipa nani?

Barua tatu zilizonifikia mwezi huu zinahusu televisheni, nami nimeona nizijibu kwa pamoja. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine, maana aliyeandika ameuliza jambo ambalo nimeishi nalo tangu utotoni, kabla hata sijajua televisheni ni kitu gani.

*Mwalimu, shikamoo. Mimi nina kibanda umiza Kirumba, karibu na Mwaloni. Jioni ni mpira, usiku ni filamu zilizotafsiriwa, kiingilio shilingi mia tano. Asubuhi nafunga, lakini watoto wa akina mama wanaouza dagaa hawaondoki. Wanachungulia kwenye matundu ya mabati, wanaangalia skrini iliyozimwa. Mpwa wangu aliyeko Marekani ananiambia kule kuna televisheni isiyotafuta faida: haikatizi kipindi kwa tangazo la sabuni wala la bia, inafundisha watoto, na watu wazima wanaburudika. Nilimwuliza umeme analipa nani, akababaika. Je, kitu hicho kipo kweli? Kinaishije? Na mimi niwafanyie nini hawa watoto?*
*Mwenye Kibanda, Kirumba*

Marahaba, baba. Kipo, na hilo swali lako la umeme ndilo swali lenyewe. Watu wengi wakisikia "isiyotafuta faida" wanadhani ni ya bure. Hakuna televisheni ya bure. Kamera inanunuliwa, fundi mitambo analipwa mshahara, mnara unakula umeme usiku na mchana. Tofauti iko kwa anayelipa, na anachokidai akishalipa.

Kituo cha biashara kinalipwa na mwenye sabuni. Mwenye sabuni analipia macho yako, kwa hiyo kipindi lazima kikusanye macho mengi, hasa ya watu wenye hela mfukoni. Silaumu. Vituo vya biashara vya hapa kwetu Mwanza vimeajiri vijana niliowafundisha kusoma, na bila wao habari za ziwa letu zingesikika mara chache sana. Lakini mtoto wa miaka mitano hanunui sabuni, na bibi wa Ukerewe hanunui gari. Macho yao hayana bei sokoni. Ndiyo maana vipindi vyao vinakuwa vichache, au vinasukumiwa saa ambazo hakuna mfanyabiashara anayezitaka.

Hiyo aliyokusimulia mpwa wako inaitwa PBS, na ilianza kurusha vipindi Oktoba 1970. Wewe ni mtu wa Kanda ya Ziwa, kwa hiyo nitakueleza kwa pamba utanielewa haraka. Wazee wetu walipochoka kupunjwa kwenye mizani, walianzisha vyama vya msingi vijijini, vyama vikaungana, na miaka ya 1950 wakawa na muungano mkubwa wa ushirika hapa Mwanza chini ya Paul Bomani. Muungano haukumiliki vyama. Vyama ndivyo vilivyoumiliki muungano. PBS imejengwa hivyo hivyo. Kuna vituo zaidi ya 300 nchi nzima, vingine vya vyuo vikuu, vingine vya majimbo, vingine vya jumuiya za wananchi wa mji fulani, na kila kimoja kina bodi yake. Vinachangia ada, vinapata vipindi vya pamoja, na vinatengeneza vyao vya nyumbani. Cha kwanza cha aina hiyo ni cha Houston, kiitwacho KUHT, kilichowashwa Mei 1953, PBS yenyewe haijazaliwa. Kilikuwa cha chuo kikuu, na usiku kilirusha masomo ili mtu aliyeshinda kazini asome akiwa nyumbani. Mimi nikikumbuka vijana wa Mwaloni wanaobeba magunia mchana kutwa huku wana vyeti vya kidato cha nne majumbani, jambo hilo linanigusa sana.

Sasa umeme. Unalipwa kwa chungu cha wengi. Hadi 2025 sehemu ilitoka serikali kuu: mwaka 1967 Rais Lyndon Johnson alisaini sheria iliyounda taasisi ya kupokea fungu hilo na kuligawa kwa vituo, ili mwanasiasa asimkabidhi mtangazaji hela mkono kwa mkono. Sehemu inatoka kwa wakfu na mashirika ya hisani. Kampuni nazo huchangia, zikatajwa jina, ila haziruhusiwi kusema "nunua". Na sehemu kubwa wanatoa watazamaji wenyewe. Kuna siku katika mwaka watangazaji husimama mbele ya kamera na kuomba, kama mzee wa kanisa anavyosimama kuomba mchango wa bati, na watu hupiga simu kuahidi kiasi walichonacho.

Chungu hicho huyumba, nawe lazima ulijue hilo. Mwaka 1969 Rais Nixon alitaka fungu la serikali lipunguzwe. Mtangazaji mmoja wa watoto, Fred Rogers, mtu wa sauti ya upole, alikwenda mbele ya kamati ya Seneti akaeleza kwa dakika chache tu kwamba kipindi chake kinamfundisha mtoto afanye nini na hasira yake. Aliwasomea hata maneno ya wimbo wake. Mwenyekiti wa kamati, Seneta John Pastore, ambaye alijulikana kwa ukali, akamwambia kwamba ameshazipata dola zake milioni 20. Lakini Julai 2025 Bunge la huko lilizifuta dola bilioni 1.1 zilizokuwa zimetengwa kwa miaka miwili, na taasisi ile ya 1967 ikatangaza kufunga shughuli zake. Vituo vya miji mikubwa vina wafadhili. Vya vijijini ndivyo vilivyoegemea zaidi fungu la serikali, na ndivyo vilivyopata kishindo. Uingereza wamechagua njia nyingine: nyumba yenye televisheni inalipia leseni, iliyokuwa pauni 174.50 kwa mwaka kuanzia Aprili 2025, nayo BBC ya ndani haina matangazo ya biashara. Japani kaya hulipia NHK, shirika lao la utangazaji la umma, ambalo tangu Januari 1959 ina chaneli nzima ya elimu.

Nikuambie kwa nini nalijali jambo hili. Mwaka 1973 nilikuwa na miaka tisa, kijijini kwetu ng'ambo ya Busisi, Sengerema. Televisheni bara haikuwepo, Zanzibar ndiyo kwanza walikuwa wanaianza miaka hiyo. Sisi tulikuwa na redio moja ya mwenyekiti. Kukaja kampeni ya Mtu ni Afya. Jioni za kipindi mama alinishika mkono, tukaenda chini ya mwembe, kiongozi wa kikundi ana kijitabu, redio imewekwa juu ya kinu. Kipindi kikiisha hakuna aliyeondoka. Kiongozi anauliza: tumesikia nini, na hapa kwetu hali ikoje? Watu wanabishana mpaka giza linaingia. Kampeni ilikwenda wiki 12, na nchi nzima walishiriki watu wapatao milioni mbili. Baba yangu alichimba choo chetu kiangazi hicho, nami nilibeba udongo kwa karai. Hakuna aliyekuwa anatuuzia kitu. Na sisi watoto tulikwenda kwa hamu kwa sababu redio kwetu ilikuwa starehe. Hapo ndipo nilipojua mafunzo na burudani vinaweza kutoka kwenye sanduku moja, mradi kipindi kikizimwa pawe na mtu wa kuuliza "hapa kwetu je?"

Kwa hiyo kibanda chako, baba, usikidharau. Fungua Jumamosi asubuhi, saa tatu hadi saa nne na nusu. Vipindi vya kuonyesha vipo, tena vya Kiswahili. Ubongo Kids ilianza kurushwa TBC1 mwaka 2014, inatengenezwa Dar es Salaam na shirika lisilotafuta faida, na hesabu na sayansi vinapita ndani ya hadithi na nyimbo. Tazama ratiba ya king'amuzi chako upange saa zako kwa hiyo. Kabla ya kuanza pita kwa afisa utamaduni wa halmashauri umweleze unachofanya, na usiache hata kipande cha filamu ya usiku kikatokeza asubuhi.

Umeme: waite akina mama wa dagaa uwaambie hesabu yako bila kuficha, unit ngapi zinaliwa na ving'amuzi vinalipiwaje. Mama akiweka shilingi mia mbili kwa kila mtoto kila Jumamosi, watoto ishirini ni elfu nne. Asiyekuwa nayo siku hiyo mtoto wake aingie tu, na yule aliyeuza vizuri aweke mia tatu. Chagueni mama mmoja ashike daftari, lisikae kwako. Utashangaa watakavyokulinda.

Tena kuna jambo moja la kujaribu. Waliotengeneza Sesame Street, kipindi cha watoto cha huko Marekani, walikuwa na mtafiti, Edward Palmer, ambaye aliweka televisheni upande mmoja na upande wa pili mashine ya picha zinazobadilika kila baada ya sekunde saba na nusu. Mtoto alikaa katikati, na mtafiti akawa anaandika ni wakati gani mtoto ameacha kipindi na kugeukia picha. Pale mtoto alipogeuka, kipindi kilikuwa kimeshindwa, na walikitengeneza upya. Wewe huna haja ya mashine. Acha mlango wazi upande wa ziwa, mitumbwi ipite. Andika ni kipindi gani watoto walisahau mitumbwi. Hicho ndicho cha kurudia.

*Mwanangu Mwalimu, nakusalimu kutoka Nansio. Nalea wajukuu wanne. Kijana wangu ameleta televisheni ndogo ya sola, na sasa wajukuu hawatoki mbele yake. Wanaimba matangazo ya sabuni kutoka mwanzo mpaka mwisho, lakini ukimwuliza mmoja saba na nane ngapi, anatazama dari. Jirani anasema niiuze, eti televisheni inaoza akili. Unasemaje?*
*Bibi wa Wanne, Ukerewe*

Shikamoo, mama. Usiiuze kwanza.

Hilo la kuimba matangazo lilimtia mawazo mama mmoja wa New York, Joan Ganz Cooney, zaidi ya miaka hamsini iliyopita. Watoto wa mtaani walikuwa wanaimba matangazo ya bia bila kukosea neno. Rafiki yake Lloyd Morrisett naye alikuwa na binti wa miaka mitatu aliyeamka alfajiri na kukaa mbele ya televisheni, akitazama ile picha ya majaribio ya mitambo, akisubiri katuni zianze. Wakaulizana: kama tangazo linaweza kumkaririsha mtoto jina la bia, kwa nini lisimkaririshe herufi na namba? Wakachukua ufundi ule ule, wimbo mfupi, kurudia, kichekesho, wakauza herufi badala ya bia. Sesame Street ilionekana kwa mara ya kwanza Novemba 10, 1969. Mama, wajukuu wako hawana akili iliyooza. Kumbukumbu zao ni nzima kabisa, ila wamepewa sabuni waikariri.

Je, mtoto anajifunza kweli? Wachumi wawili, Melissa Kearney na Phillip Levine, walilitafuta jibu kwa njia iliyonifurahisha. Kipindi kile kilipoanza, kwenye miji mingine kilirushwa kwa mawimbi mazuri, na kwingine kwa mawimbi yaliyonaswa kwa shida, hata karibu theluthi moja ya watu hawakuweza kukiona. Sisi tuliopanda juu ya mawe ya Mabatini kuzungusha antena huku mtu anapaza sauti kutoka ndani, "Hapo! Hapana, rudisha!" tunalijua hilo vizuri. Wakalinganisha watoto, na mwaka 2015 wakatoa majibu: pale kipindi kilipoonekana vizuri, watoto waliokuwa hawajaanza shule walikuja kuwa darasa linalolingana na umri wao zaidi ya wenzao. Na hapa kwetu mtafiti Dina Borzekowski aliwapima watoto wa Morogoro waliotazama Akili and Me kwa wiki chache, ile katuni ya mtoto wa miaka minne wa chini ya Mlima Kilimanjaro ambaye akilala anaingia nchi ya ndoto. Katika kuhesabu, kutambua namba na kuchora waliwapita wenzao waliotazama vipindi vingine.

Lakini mama, nisikufiche nilichokiona kwa macho yangu. Mwaka 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, kuanzia Machi, vipindi vya masomo vilirushwa kwenye televisheni na redio. Nilikuwa na darasa la nne hapa mjini. Tuliporudi mwisho wa Juni nikawauliza mmoja mmoja nani alitazama. Wengi walikuwa wametazama. Waliobaki na kitu kichwani walikuwa wale waliokaa na mtu, hata kama mtu huyo hajui kusoma. Mtoto mmoja alitazama na babu yake, mvuvi mstaafu asiyeona vizuri. Kazi ya mtoto ilikuwa kumsimulia babu kinachoonekana kwenye skrini. Alirudi anajua kugawanya, tena anaeleza kwa maneno kuliko mimi mwalimu wake.

Fanya hivyo, mama. Mwambie mjukuu: "Mimi sioni vizuri, nisimulie." Kipindi kimoja, kisha izimeni mwache betri ipumzike. Saba na nane mhesabu kwa samaki wa mchuzi wa jioni.

Na watu wazima wasijitoe kwenye hili. Mwaka 1993 Redio Tanzania ilianza mchezo wa Twende na Wakati, uliobeba mafunzo ya uzazi wa mpango na ukimwi. Mume wangu hakupenda mahubiri ya uzazi wa mpango kabisa, zahanati alikuwa hataki kuisikia. Lakini mchezo huo hakuukosa, kwa ajili ya Mkwaju, yule dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo. Alimkasirikia Mkwaju kama anamdai. Alimwonea huruma mkewe, Tunu. Siku Mkwaju alipoanza kuumwa nyumba yetu ilikuwa kimya. Dodoma waliachwa bila mchezo huo hadi 1995 ili watafiti walinganishe, na ikaonekana kwamba kwingine ulikosikika watu walianza kutumia uzazi wa mpango zaidi. Sisi kwetu aliyekwenda zahanati kuuliza alikuwa yeye, bila mimi kumtuma. Angeambiwa ni somo, angeizima redio.

*Mwalimu, nasoma uandishi wa habari Nyegezi. Darasani tumebishana: TBC ni sawa na hiyo PBS ya Marekani? Wenzangu wanasema televisheni ya umma ni jina zuri tu la televisheni ya serikali.*
*Mwanafunzi, Nyegezi*

Hazifanani, ingawa zote zinaitwa za umma. TBC ni shirika lililoundwa kwa amri ya mwaka 2007, likachukua kazi za Televisheni ya Taifa na Redio Tanzania. Linapata fungu la serikali na pia linauza matangazo. PBS nimekwisha kuieleza hapo juu: ni muungano wa vituo vinavyojitegemea. Mkibishana tena, acheni majina mwulize mambo matatu: nani anamteua mkuu wa kituo, nani anaweza kumwondoa, na hela inapita mikononi mwa nani kabla ya kumfikia. Ukiyajua hayo matatu utajua kituo ni cha nani, hapa, Marekani na popote. Mimi naamini televisheni ya umma ya kweli ni ile inayoweza kumhoji mkubwa Jumatatu na bado ikapata umeme Jumanne. Hiyo ni kazi ngumu kila nchi, na mambo ya mwaka 2025 huko Marekani yanaonyesha hata iliyojengwa kwa uangalifu inaweza kutikiswa.

Ila wewe bado ni mwanafunzi, na una simu inayorekodi. Mimi sijaona bado kipindi cha watoto kinachoeleza kwa nini dagaa huvuliwa usiku wa giza na si wa mbalamwezi, au furu walikwenda wapi sangara walipoongezeka ziwani. Tengeneza cha dakika tano. Kisha nenda kwa yule baba wa Kirumba Jumamosi saa tatu asubuhi, ukae nyuma ya watoto na daftari, mlango ukiwa wazi upande wa ziwa. Niandikie ni dakika ya ngapi walipogeuka kutazama mitumbwi.